Sailensa ya Pijo

Mkunazini, Unguja
14 Januari 2024

Mwanangu Hind,

Nakuletea salamu za nyumba nzima, na naomba zikukute mzima wewe na mumeo Tamim. Sisi huku hatujambo. Ndugu yako Riyama anashona kutwa, vipande vya vitambaa vimefika mpaka kwenye kiti changu, nikikaa nachomwa na sindano. Paa la ukumbini limeziba. Yule fundi wa chokaa safari hii kafanya kazi ya mtu. Kaburi la mama yako nililizuru Ijumaa, majani yalikuwa yameota, nikayang'oa.

Unamuuliza Riyama kwa nini sipokei simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye karai la oili chafu. Hii mpya uliyoniletea nimempa yeye, kwa sababu vioo hivi vinaniumiza macho. Barua ni bora, mtu anaisoma kwa wasaa wake. Nlipokuwa fundi wa melini, mimi na mama yako tulikuwa tukiandikiana, na hatukupotezana. Una jambo, niandikie. Badriya anakuja na kurudi Maskati na biashara yake ya udi, atatuchukulia.

Sasa jambo lenyewe. Pijo 504 unaikumbuka. Imekaa gerejini Saateni tangu mama yako alipofariki, nami nikaona nikiiacha hivyo nitaoza nayo. Nimeishusha injini. Bloku imerudi kutoka kuchongwa Dar, na pistoni mpya ninazo. Ile pampu yake ya zamani ya kurushia petroli ilishakufa na hakuna wa kuifufua, kwa hiyo mitambo ya umeme uliyoniletea mwaka jana, nozeli nne na kompyuta yake, nshaifunga. Kilichobaki ni kemshafti. Ule mhimili wa zamani wa kufungulia valvu umelika, nundu zake mbili zimekuwa bapa.

Wewe uko ofisi ya vipuri, unazungumza na hao wanaochonga kemshafti Uingereza. Niagizie moja. Nnataka kali, ile kali kuliko zote walizonazo kwa injini hii. Ya kistaarabu usiniletee.

Baba yako,
Mkadam


Ruwi, Maskati
9 Februari 2024

Baba yangu, shikamoo.

Barua nimeipata, pamoja na achari ya embe ya Riyama, ambayo nimeificha ofisini ili wenzangu wasiimalize. Mimi mzima. Tamim anakusalimu, yuko Salala kikazi.

Nimekupigia mara nyingi kwa simu ya Riyama. Kila nikipiga ananiambia umelala, umekwenda msikitini, unaoga. Baba, hakuna mtu anayeoga hivyo. Kama umenikasirikia kwa sababu nilifika baada ya mazishi, niambie. Ndege haikuwepo, nshakueleza, ingawa najua maelezo hayasaidii kitu. Wewe ndiye uliyekuwa na mama peke yako alasiri ile. Siku ya khitma nilikuuliza alisema nini, ukanijibu, "Alikuombea dua." Kila mama anaomba dua. Nakuuliza tena: alisema nini?

Kuhusu kemshafti, nimezungumza na wachongaji. Kwa injini yako wana tatu. Ya kwanza ni ya upole. Inafungua valvu kwa muda mfupi, injini inatulia, inavuta tangu chini na petroli haipotei. Ya pili ni ya kati. Ya tatu ndiyo hiyo kali. Inaziacha valvu wazi muda mrefu, na kuna wakati ile ya kuingizia hewa na ile ya kutolea moshi zote zimefunguka kwa pamoja. Ukiikimbiza inatoa nguvu nyingi. Mbio ikiwa ndogo haina kitu, na sailensa yake, ule mwendo wa injini gari likisimama, ni mbaya. Ukisimama njia panda bila ya kukanyaga mafuta, gari zima litatetemeka kama mtu mwenye homa.

Na sasa huna pampu ile ya zamani. Kompyuta ile inapima mvuto wa hewa ndani ya bomba, ndipo ijue imwage petroli kiasi gani. Kemshafti kali itauvuruga mvuto huo, utapanda na kushuka, kompyuta itabaki kubahatisha na gari litazima kila ukisimama. Halafu utalikimbizia wapi? Ukitoka Darajani, kabla hujakolea ushafika Fumba, na Fumba siku hizi imejaa nyumba mpya na watoto wanaoendesha baiskeli.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha sailensa. Ulikuwa ukiegemeza bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni, unasema valvu fulani imelegea, na kweli imelegea. Ulikuwa ukisema injini nzuri ni ile ambayo mtu anasimama pembeni yake na hajui kama inawaka. Injini kama hiyo inataka kemshafti ya upole. Nijibu niagize.

Mwanao akupendaye,
Hind


Mkunazini, Unguja
20 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ramadhani inakwenda vizuri. Riyama anapika futari ya watu kumi, tunakula wawili, iliyobaki anapeleka kwa jirani. Fundi wangu Miraji hayupo tena gerejini kwangu. Baada ya miaka yote ile kapata pahala pake Amani, na simlaumu, mtu ana watoto. Saateni nimebaki na paka.

Kemshafti nnataka kali. Gari ni langu. Na wale vijana wanaojaza barabara ya Forodhani jioni na pikipiki zao watajua kunipisha.

Hilo jengine uliloniuliza, nshakujibu.

Tamim msalimie akirudi kutoka Salala. Naona na mwaka jana pia alikuwa Salala.

Baba yako,
Mkadam


Ruwi, Maskati
2 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Idi imepita na sikukuandikia. Riyama aniwie radhi, kitambaa chake nimempa Badriya. Mvua kubwa ilipita hapa, maji yalijaa mabondeni, mimi nimesalimika.

Nitakwambia kwa nini nimechelewa. Idi pili nilikupelekea ujumbe wa sauti kwenye simu ya Riyama. Nilimwomba akupe uusikilize peke yako, yeye asimame nje. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari, mbele ya mlango wangu. Nilisema jambo ambalo sijamwambia mtu mwengine, na ilinichukua jioni nzima kupata ulimi wa kulisema. Kisha nikangoja. Riyama akaniandikia: "Baba mkubwa ameishika simu sikioni mpaka mwisho. Ametabasamu. Kasema alhamdulillahi, mwambie nimefurahi sana."

Umefurahi, Baba.

Nimelitazama neno hilo kila siku tangu Riyama aliponiandikia. Nililolisema sitalirudia. Kama wewe umelipokea hivyo, basi na mimi sina la kuongeza.

Kemshafti sijaagiza. Siwezi kuagiza kitu ambacho najua kitakuharibia gari. Nitakubali ya kati, zaidi ya hapo sikubali. Kama unaitaka kali, nipe sababu moja ambayo ni sababu. Vijana wa Forodhani si sababu.

Hind


Mkunazini, Unguja
30 Mei 2024

Mwanangu Hind,

Salamu zangu ni zile zile, na leo nazituma kwa unyonge. Masika imekuwa kubwa, ngazi ya nyuma imeoza, Riyama alianguka akachubuka goti, sasa hajambo. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaichukua tena.

Hilo uliloniambia kwenye simu, nakuomba uliandike. Simu ya Riyama siku ile ilikuwa inakoroma. Kama nlisema nimefurahi, nlifurahi kwa sababu umenikumbuka siku ya Idi. Usilichukulie vyengine. Liandike, Hind.

Umetaka sababu. Injini za siku hizi zimetulia mno. Mwezi uliopita nliingia kwenye gari la mtu hapa Saateni kulisogeza, nikatia ufunguo nikawasha, kumbe lilikuwa limeshawaka. Nlihisi stata inasaga meno mpaka kwenye usukani. Nlipotazama nje, watu wote walikuwa wamenigeukia. Nnataka injini ambayo nikiweka mkono juu ya madigadi nijue kama inawaka au haiwaki. Basi. Sina sababu nyengine, na hiyo kwangu inatosha.

Wateja wamepungua tangu ile khabari ya Ayoub, ambayo haina haja ya kuandikwa. Kwa hiyo wasaa ninao wa kutosha.

Baba yako,
Mkadam


Ruwi, Maskati
21 Juni 2024

Baba yangu mpenzi, shikamoo, na Idi yako iwe njema ingawa imeshapita.

Badriya amefika juzi. Nilimkalisha, nikampa kahawa, nikamuuliza khabari ya Ayoub ni khabari gani. Alidhani naijua.

Akanambia, "Gari la Ayoub lilitoka kwa baba yako injini inagonga, mtaa mzima unasikia, na yeye anamkabidhi mwenyewe ufunguo anacheka. Likafa njia ya Fumba. Ayoub akarudi kwa hasira, akasimama nyuma ya baba yako anapiga makelele, na baba yako anapanga spana zake. Miraji ndiye aliyekwenda kumgeuza."

Nikamwambia baba yangu hana tabia ya kudharau watu. Badriya akanitazama.

"Bibie, hasikii," akasema. "Hasikii kabisa. Mimi nikimletea barua yako namtia mkononi, sisemi kitu."

Alipoondoka nikazitoa barua zako zote nikaziweka kitandani. Simu iliyotumbukia kwenye oili. Vioo vinavyokuumiza macho. Miraji aliyekwenda Amani. Stata. Zote zilikuwa zinasema kitu kimoja na mimi nikawa nabishana nawe juu ya valvu.

Kwa hiyo sauti yangu hukuisikia. Uliweka simu sikioni ukangoja mpaka kioo kikazimika, ukatabasamu kwa sababu ulijua ni mimi. Nimekuwa na uchungu na wewe kwa neno ulilolisema kwa mapenzi.

Na mama pia, Baba. Masikio yalikuwa yameshaanza kukuondokea wakati ule. Nakumbuka sasa, siku ya khitma nilikuita mara nyingi hukugeuka, nikadhani ni msiba. Mama alisema kitu alasiri ile, sauti yake imeshakwisha, na wewe hukukisikia. Ndiyo maana unanijibu dua. Nimeliandika mimi ili usilazimike kuliandika wewe. Sitauliza tena.

Nililolisema kwenye simu ni hili. Tamim ameniacha. Ana nyumba nyengine Salala, na ana mtoto huko anayetembea. Talaka niliipokea kwa mkono wa kaka yake, mlangoni, na nilikuwa na unga mikononi. Ujumbe ule ulikuwa wa kuuliza kama chumba changu bado kipo.

Kemshafti kali nimeiagiza leo asubuhi. Nimewaomba waizidishe kidogo.

Mwanao,
Hind


Mkunazini, Unguja
4 Agosti 2024

Chumba chako kipo. Naanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe. Kitanda ni kile kile, dirisha ndilo lililovimba kwa masika, nitalipiga randa. Riyama ameshaanza kuhamisha cherehani yake bila ya kuambiwa.

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima.

Juu ya Tamim sisemi kitu. Nikisema yatakuwa maneno ya gerejini, na Badriya huzifungua bahasha zake akikaguliwa uwanja wa ndege. Mambo yako ya kusema nataka uyaseme mbele yangu, taratibu, nikikutazama mdomo. Nimejifunza kidogo. Mdomo wa Riyama nausoma karibu wote. Wa imamu ndevu zinanizuia.

Riyama usimkasirikie. Nlimwapisha.

Yalianza kwenye sikio la kushoto, mwaka mmoja kabla ya mama yako kuugua. Nlidhani ni nta. Nikawa namgeuzia mtu la kulia, na hilo nalo likaanza kuondoka. Nlikwenda Dar, ile safari niliyosema nafuata pistoni. Daktari alinionyesha michoro, kisha akaniandikia kwenye karatasi kwamba mishipa imekufa na mashine ya sikio haitasaidia. Ana mwandiko mzuri. Nilimwambia ahsante, nikarudi na boti ya jioni, nikamwambia Riyama pistoni hazijafika.

Ayoub ana haki yake. Nlimfungia injini yake kwa mikono hii, nikaiwasha, nikaona haina moshi, nikadhani imekuwa sawa. Ingegonga mbele ya mtoto mdogo angeniambia. Siku ile njia ya Fumba alikuwa amempakia mkewe mjamzito. Hawakuumia. Mimi ndiye niliyemwambia Miraji aende Amani, siyo yeye aliyeniacha. Gereji ambayo fundi wake mkuu hasikii injini, si pahala pa mtu kulea watoto wake.

Umesema huniulizi tena khabari ya mama yako. Mimi nataka kukwambia.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Riyama alikuwa amekwenda kununua barafu. Mama yako alinishika kidole hiki kimoja, hakuwa na nguvu ya kushika mkono. Mdomo wake ukaanza kwenda. Halikuwa neno moja, Hind. Alisema maneno mengi, akapumzika, akasema tena. Niliinama mpaka pua yangu ikagusa shavu lake. Pumzi yake naihisi, ina joto, lakini maneno hayaji. Sikutaka kumwambia, "Nadhira, sikusikii." Hakuwa akijua. Nlimficha na yeye, nlikuwa nikisema ndiyo na ahsante miezi yote ile ya ugonjwa, naye labda aliona nimekuwa mpole.

Mwisho akanyanyua nyusi. Unazijua nyusi zile, alikuwa akizinyanyua akiuliza kitu na anataka jawabu. Nikamwambia, "Inshaallah." Akaniachia kidole, akatulia. Riyama aliporudi na barafu, mama yako alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo mimi nimemwahidi mama yako jambo, na sijui ni jambo gani. Huenda lilikukhusu wewe. Huenda alitaka nioe. Huenda ni mlango wa uani, ulikuwa ukimkera. Nafanya kila ninalolifikiria. Mlango nimeutengeneza. Riyama nimemwandikia sehemu yake ya nyumba. Kila Ijumaa nakwenda kaburini, namtajia niliyoyafanya, kisha najiuliza kama ndilo.

Kemshafti imefika kwa mkono wa Badriya, imeviringwa kwenye kanga zako za zamani. Nimepitisha kidole kwenye nundu zake. Ni kali kweli.

Baba yako,
Mkadam


Ruwi, Maskati
15 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, nafunga masanduku polepole. Kazi nimetoa notisi, nitakuwa nyumbani Disemba, inshaallah, na safari hii sina tiketi ya kurudi.

Nimejaribu kuandika kwamba kuhusu mama nimeridhika. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa nikaikata. Sijaridhika. Lakini aliuliza na akajibiwa, hakuondoka akingoja. Hilo nimelishika.

Sasa injini, sikiliza vizuri. Kemshafti mpya usiiache itulie mwanzo, itakwaruzana na kulika kabla haijazoeana na vyuma vyake. Ipake grisi niliyoitia kwenye kopo jekundu, kila nundu, usione choyo. Ikiwaka tu, ishike kwenye mbio ya kati mpaka joto lipande na lisimame. Baada ya hapo ndipo muiachie sailensa. Kompyuta nimeibadilisha maelekezo, kadi yake imo kwenye bahasha hii. Haitautegemea tena mvuto wa hewa. Itatazama mlango wa hewa umefunguka kiasi gani na kumwaga petroli kwa kipimo hicho. Sailensa itabaki mbaya, lakini haitazima.

Usiiwashe peke yako. Nakuomba.

Mwanao,
Hind


Mkunazini, Unguja
27 Oktoba 2024

Mwanangu Hind,

Marahaba. Nyumba nzima inakungoja na inakusalimu. Vuli imeanza kugusa. Riyama kapata kazi ya kushona sare za skuli, ukumbi wote sasa ni samawati. Dirisha lako linafunga.

Jana tumeiwasha.

Miraji alikuja. Mimi sikumwita, Riyama ndiye aliyekwenda Amani bila ya kuniambia, na yeye akafunga gereji yake akaja na nguo za kazi. Hatukuwa tumeonana tangu alipohama. Alisema kitu mlangoni, lakini jua lilikuwa nyuma yake sikuuona mdomo. Alinishika bega, kisha akaingia chini ya gari kama vile alitoka jana.

Tulifanya kama ulivyoandika. Kopo jekundu tulilimaliza. Riyama alikaa kwenye usukani, Miraji akamwonyesha pa kuweka mguu. Nlisimama mbele nikitazama feni, kwa sababu feni haiwezi kunidanganya. Ikageuka. Moshi ukatoka mweupe, ukapungua, ukakatika. Riyama alikuwa amenyanyua mabega kuziba masikio, nikajua ina makelele. Watu wa gereji za jirani walitoka mmoja mmoja na matambara mikononi. Ayoub alikuwa miongoni mwao, alikuja kununua tairi. Alinitazama akanipa mkono, nami nikamshika mikono yote miwili.

Joto lilipanda likasimama pahala pake. Miraji akampungia Riyama aondoe mguu.

Nikaweka mkono juu ya madigadi.

Uliniambia sailensa yake ni mbaya, na ni mbaya kweli. Inapiga, inasita, inapiga mara mbili, inasita, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ilinipanda kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko. Tangu masikio yangu yaliponiondokea sijapata kitu cha namna ile. Niliweza kuzitenganisha silinda zote. Moja ilikuwa inakuja nyuma ya wenzake, nikamnyanyulia Miraji vidole vitatu, akainama kusikiliza, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa ya tatu. Nafikiri alilia, lakini ana mafuta usoni kila siku.

Nikafumba macho. Nilimwona mama yako amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, tunarudi kutoka Kizimbani kwa shangazi yake, na gari linanuka karafuu mbichi. Wewe nyuma, umelala, miguu juu ya kioo. Nikaona niwaache mkae humo. Nikasimama na mkono wangu pale pale, injini inapiga, na nikawa namweleza mama yako mambo. Riyama anasema nilikuwa nikisema kwa sauti kubwa. Sikujua.

Baadaye mtu akanigusa. Nikafumbua macho. Watu wa jirani walikuwa wamesharudi makazini kwao. Ayoub hayupo. Miraji alikuwa kwenye bomba ananawa mikono, ameshavaa shati lake. Riyama amesimama mbele yangu na ufunguo wa gari, ananionyesha ufunguo. Nikausoma mdomo wake. Alikuwa anasema petroli imekwisha, Baba mkubwa, injini imezimika zamani.

Nikamwambia hapana, inawaka. Ninaisikia, iko hapa mkononi.

Akatikisa kichwa. Akauchukua mkono wangu akautoa juu ya gari, akaunyanyua kati yetu ili niuone.

Ulikuwa bado unatetemeka.

Baba yako,
Mkadam